Maradhi ya Akili Yatibiwa

Mtu akivunjika mguu hapa Ujiji, jamaa zake humchukua mara moja hospitali. Akipatwa na maradhi ya akili, mara nyingi hufungwa kamba chumbani, na majirani huambiwa kwamba amesafiri. Kwa nini? Pamoja na aibu, wengi wetu twadhani kwamba dawa iko Mirembe tu, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Na toka Kigoma kwenda huko ni safari ndefu kupita Tabora, kwa nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake.

Lakini Mirembe si mlango wa kwanza. Mtu akianza kusikia sauti zisizokuwapo, au kuwaogopa ndugu zake bila sababu, yafaa apelekwe upesi zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Maweni. Wengi huweza kutibiwa huku wakilala kwao. Wala dawa zisiachwe bila shauri la daktari kwa kuwa mgonjwa ametulia. Maradhi huweza kurudi.

Kwa mvuvi wa Kalya, hata Maweni ni mbali. Kwa hiyo hapana budi dawa hizo zifike pia zahanati za mwambao. Kamba haijamponya mtu.