GESI YA SONGO SONGO: MBONA ILINGOJA MIAKA 30?

Katika vikundi vya kisomo tunaulizwa sana: kama gesi ilionekana Songo Songo zamani, mbona ilikawia kutumika? Swali ni zuri. Tulitazame pamoja.

Songo Songo ni kisiwa kidogo mbele ya Kilwa. Waliokuja kutafuta huku pwani hawakutaka gesi, walitaka mafuta. Kampuni za BP na Shell zilianza mwaka 1952, enzi za Mwingereza. Zikachimba visima Mafia, Unguja na Pemba. Hola! Zikaondoka. Mwaka 1969 Serikali ikaunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, yaani TPDC. Kisha wakaja Waitaliano wa AGIP, na mwaka 1974 keekee yao ikafikia gesi.

Wengine hudhani gesi hukaa pangoni. Sivyo. Imo ndani ya mawe ya mchanga yenye vitundu vidogo vidogo, kama maji ndani ya dodoki. Juu yake pana mwamba uliobana, kama mfuniko wa chungu. Keekee ikitoboa mfuniko huo, gesi hupanda yenyewe kwa nguvu.

AGIP waliona haiwalipi, wakaiacha. Fikirini mafuta ya taa. Unayatia katika debe, unapeleka utakako. Gesi haibebeki hivyo. Yataka bomba, na mwisho wa bomba awepo mnunuzi. Mwaka ule bomba hapakuwa, wala kiwanda cha kuitumia. TPDC hawakukata tamaa, wakaendelea kuchimba visima. Ukafanywa mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, lakini hakikujengwa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tulipopoteza miaka mingi, maana mbolea tuliihitaji wenyewe.

Mwaka 2004 ndipo gesi ikafika Dar es Salaam kwa bomba la kilometa zaidi ya 200, kwanza chini ya bahari, halafu nchi kavu. Ikaendesha mitambo ya umeme Ubungo na tanuri la saruji Wazo.

Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, ilionekana mwaka 1982. Mwaka 2013 wananchi wengi wa Mtwara walipinga isipelekwe Dar es Salaam kabla wao hawajafaidika. Zikatokea ghasia, watu wakafa. Bomba lilikamilika mwaka 2015.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini gesi haibebwi kwa debe?
2. Wananchi wa Mtwara walidai nini? Ninyi mngedai nini?