Mbalamwezi Ndefu: Mafunzo Niliyopata Nikiuza Dagaa

Nauza dagaa sokoni Kasulu, na mzigo ukiwa mwingi naupandisha hadi Kibondo. Kwetu Buha bahari haipo. Hata ziwa lenyewe wengi wetu tunalijua kwa harufu ya gunia, ndiyo maana haya nimechelewa kuyaelewa.

1. Tangazo la redioni si la wavuvi peke yao

Mei 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika, upande wetu, hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Desemba 2021 nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kusimamia uvuvi wake kwa pamoja. Mimi nilisikia, nikapuuza. Kufika Juni nina magunia matupu na madeni. Nikageukia maharage, ambayo Kasulu kila mtu analima. Utamwuzia nani?

2. Mwezi ulianza kufunga ziwa kabla ya serikali

Nilimlalamikia mzee mmoja mwaloni Kibirizi. Akacheka. "Mwanangu, mbalamwezi ikiwaka huwa unamlalamikia nani?"

Dagaa huvuliwa gizani, wakifuata mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi. Wavuvi hushona nyavu na bei hupanda. Tumezoea. Kwake yeye, miezi mitatu ilikuwa mbalamwezi ndefu tu.

Nilimkubalia nusu. Mwezi hauna ndugu, mlinzi wa ziwa anao. Kokoro likiburutwa ufukweni usiku na kukomba dagaa wachanga, wa kwanza kujua ni majirani. Wakinyamaza, ziwa limefungwa kwenye karatasi tu.

3. Kufunga hakuzuii joto, kunampa mgonjwa nguvu

Hili nililipata mbali. Mdogo wangu ameoa kisiwani Mafia, nikaenda kumsalimia Kilindoni. Shemeji zake ni wavuvi, wakanieleza habari za matumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali la El Niño; matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ikafa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilikuwapo tangu 1995, lakini hakuna askari wa kukamata joto.

"Sasa hifadhi ina faida gani?" niliuliza.

Shemeji akanijibu kwa samaki. Tumbawe likifa, mwani hulivamia. Pono hukwangua mwani ule, jiwe likabaki safi, na matumbawe machanga yakapata pa kushika. Kikande hula viumbe wa baharini wenye miiba, ambao wakizidi huutafuna mwamba wenyewe. Ukimaliza pono na kikande kwa juya, au ukivunja mwamba kwa baruti, joto likija tena halikuti kitu cha kupona. Niliyaelewa kama mtu aliyewahi kuugua malaria akiwa na njaa.

Na ziwa letu nalo linapata joto. Maji ya juu yakipata moto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kikapungua. Kwa hiyo ile miezi mitatu siidharau tena, ingawa deni nililipa kwa shida.

4. Jembe la Kasulu linafika ziwani

Ziwa halina matumbawe, lina mawe, na samaki wa rangi hula na kuzaa humo. Tope la mashamba yetu likiyafunika, wamekwisha. Mto Malagarasi una bahati: hupita kwanza kwenye mabwawa ya Muyovozi, upande wa Kibondo, yaliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000, na tope jingi hutulia humo. Luiche hauna chujio kubwa namna hiyo. Unashuka kutoka vilimani kwetu hadi karibu na Ujiji.

Shamba langu liko mteremkoni, mahindi yakigusa kijito. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Nimeshaacha hatua thelathini zikaota majani. Zilizobaki mke wangu hataki hata kuzisikia. Ana viazi vyake pale.