HERUFI Ŋ NDANI YA PROGRAMU

Katika somo la kompyuta yako mambo madogo ambayo mtu asipofundishwa humpotezea mchana mzima. Moja ni jinsi ya kuandika ndani ya programu herufi isiyopatikana kwenye kibodi.

Tahajia ya Kiganda iliyopatanwa mwaka 1947 ina herufi ŋ, kama katika neno eŋŋaali, yule korongo aliye katika bendera ya Uganda. Kibodi nyingi hazina herufi hiyo. Wengine huandika ng', wengine n tupu. Hivyo jina la mtu mmoja huwa na sura mbili katika orodha, na kompyuta ikitafuta moja haioni ya pili.

Dawa ni nambari. Unicode, orodha iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, huipa kila herufi nambari yake. ŋ ni 331. Kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo A ni 10 na F ni 15, huandikwa 14B, yaani 256 + 64 + 11. Katika Python na JavaScript twaandika mkwaju wa kinyume, kisha u, kisha tarakimu nne:

"e\u014B\u014Baali"

Macho yetu yaona alama 17, lakini programu husoma herufi 7 tu: eŋŋaali.

Sasa tutazame Kiswahili. Ukiandika 'ng'ombe', ritifaa ya katikati hudhaniwa kuwa ndiyo mwisho wa neno, na programu hukataa kwenda. Waweza kuandika "ng'ombe", au 'ng\u0027ombe', kwa kuwa ritifaa ni nambari 39, yaani 27 kwa hesabu ile.

Jihadhari na jambo hili: u ndogo huchukua tarakimu nne tu. Picha ya ng'ombe ni 1F404. Ukiandika "\u1F404" utapata herufi ya Kiyunani, ikifuatwa na 4. Katika Python tumia U kubwa na tarakimu nane: "\U0001F404".

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotunza orodha maofisini, kumbukeni kwamba mtu asiyeonekana katika orodha huambiwa hayupo. Basi jina liandikwe kama mwenyewe aliandikavyo.

Zoezi
1. Ŋ kubwa ni 330. Igeuze kwa hesabu ya kumi na sita.
2. Andika neno ng'ambo kwa njia mbili.