Selimundu Faza: Ya Kufanya na Yasiyofanywa

Selimundu, au sikoseli, mtoto huzaliwa nayo. Ikipatiwa jina akiwa na miaka saba, miaka hiyo tumeipoteza sisi: jamaa, nesi na daktari. Udhuru hatuna. Jambo hili linajulikana zamani: mtafiti Anthony Allison alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949, akaona urithi huu umejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na ni adimu nyanda za juu.

FANYA

1. Uliza ukoo kabla ya kuandika dawa. Nani aliongezwa damu mara kwa mara? Nani alifariki mdogo? Muulize bibi, yeye ndiye anayewakumbuka waliozikwa.

2. Mtoto mchanga akivimba viganja na nyayo, macho yakawa manjano, au upungufu wa damu ukarudi kila mara, shuku selimundu siku hiyo hiyo.

3. Agiza kipimo kinachotenganisha mgonjwa na mbebaji wa urithi asiyeugua. Kisipokuwepo hapa Faza, kisiwani Pate, sampuli iende Lamu, na liandikwe jina la atakayefuatilia majibu.

4. Ikithibitika, anza penisilini kila siku hadi miaka mitano, foliki, kinga ya malaria na chanjo zote. Uliza pia dawa ya haidroksiyurea: utafiti wa REACH, ambao Kilifi ilishiriki, ulionyesha mwaka 2019 kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua.

5. Mfundishe mama kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, anahitaji hospitali saa hiyo.

6. Pima ndugu zake wote, hata wanaocheza vizuri.

USIFANYE

1. Usiandike "malaria" kwa mazoea. Na ikipatikana kweli, bado uliza kwa nini damu inaisha kila mara.

2. Usimpe vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chembe zake za damu huvunjika, lakini chuma chake hubaki mwilini.

3. Usiite baridi yabisi maumivu ya mtoto wa miaka mitatu, wala usimchanje chale au kumpiga chuku. Kisomo na kombe hakuna anayevikataza. Kinachokatazwa ni kumchelewesha.

4. Usimtupie mama lawama. Mtoto amerithi kwa wazazi wawili. Wakiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa, hata kama wa kwanza alikuwa mzima.

5. Usiozeshe watoto wa ndugu bila kuwapima damu. Wenye babu mmoja huweza kubeba urithi mmoja. Pima kabla ya posa, maana baada ya mahari kulipwa hakuna atakayesikiliza.

6. Usingoje asubuhi kwa homa ya mtoto huyu. Mlango-bahari wa Mkanda, njia ya kwenda Lamu, una saa zake za maji, na kusi haisubiri mgonjwa. Nahodha na nauli viwe vimepangwa tangu siku majibu ya damu yalipotoka.