Somo la 14: Sarafu Haina Kumbukumbu

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi mbegu ya baba inavyoungana na yai la mama ili kuanzisha mtoto. Leo tutachunguza swali ambalo watu wengi huuliza na ambalo mara nyingi hujibiwa vibaya.

Fikiri juu ya mama mwenye mabinti wanne, naye sasa ana mimba ya mtoto wa tano. Jirani mmoja asema, "Safari hii ni zamu ya mvulana." Jirani wa pili asema, "Huyo hazai ila wasichana." Ni nani kati yao asemaye kweli? Usijibu upesi. Mwanasayansi hujaribu kwanza, kisha hujibu.

Jaribio la 1: Kurusha sarafu

Vifaa: sarafu moja, daftari na kalamu.

Utafanya hivi:
1. Upande wa sarafu wenye kichwa cha mtu uite K. Upande wa pili, yaani mgongo, uite M.
2. Rusha sarafu juu ili izunguke, kisha iache ianguke. Fanya hivyo mara 50. Andika matokeo yote kwa utaratibu yalivyotokea, bila kuruka hata moja.
3. Tafuta kila mahali penye K tatu zinazofuatana. Tazama herufi inayofuata baada ya hizo tatu. Hesabu ni mara ngapi ilikuwa K na ni mara ngapi ilikuwa M.
4. Mwalimu atajumlisha ubaoni hesabu za wanafunzi wote.

Umeona nini? Watu wengi hudhani kwamba baada ya K tatu ni lazima M ifuate. Lakini jumla ya darasa zima itaonyesha kuwa K na M zinakaribiana. Sarafu ni kipande cha madini tu. Haina kumbukumbu, wala haijui ilivyoanguka mara iliyopita. Kila inaporushwa, uwezekano wa kupata K ni nusu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, John Kerrich, mtaalamu wa hesabu aliyefundisha Afrika Kusini, aliwekwa kizuizini nchini Denmark. Akiwa huko alirusha sarafu mara 10,000, akaandika matokeo yote. Soma hesabu zake:

Mara 100: vichwa 44
Mara 1,000: vichwa 502
Mara 10,000: vichwa 5,067

Katika mara 100 za kwanza, vichwa vilipungua kwa 6 chini ya nusu. Katika mara 10,000, vilizidi nusu kwa 67. Ingawa 67 ni kubwa kuliko 6, ni sehemu ndogo sana ya 10,000. Basi sarafu haikulipa deni lo lote. Ni wingi wa majaribio uliofanya tofauti hiyo isionekane kuwa kubwa.

Jaribio la 2: Familia ya watoto wanne

Sasa K iwe mvulana na M iwe msichana. Kila mwanafunzi arushe sarafu mara nne na kuandika "familia" yake. Kabla ya kuanza, kisia: ni familia zipi zitakuwa nyingi zaidi, zenye wawili kwa wawili, au zenye watatu wa aina moja na mmoja wa aina nyingine?

Hizi ndizo njia zote zinazowezekana:

Wavulana 4: KKKK (njia 1)
Wavulana 3: KKKM, KKMK, KMKK, MKKK (njia 4)
Wavulana 2: KKMM, KMKM, KMMK, MKKM, MKMK, MMKK (njia 6)
Mvulana 1: KMMM, MKMM, MMKM, MMMK (njia 4)
Hakuna mvulana: MMMM (njia 1)

Jumla ni njia 16. Wawili kwa wawili ni njia 6 tu, lakini watatu kwa mmoja ni 4 na 4, yaani 8. Je, ulikisia sawasawa?

Tazama pia mstari wa mwisho. Wasichana watupu ni njia 1 kati ya 16. Kwa hiyo, kati ya familia 160 zenye watoto wanne, tutazamie kama familia 10 zenye wasichana watupu. Hakuna aliyerogwa wala aliyekosa katika nyumba hizo. Ndivyo hesabu ilivyo.

Mbegu za aina mbili

Mwaka 1905 mwanasayansi wa Marekani, Nettie Stevens, alichunguza mbawakawa wanaoishi katika unga. Aligundua kuwa mbegu za dume ni za aina mbili. Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Yai la mama lina kromosomu iitwayo X. Mbegu ya baba ina X au Y. Mbegu yenye X ikiungana na yai, mtoto huwa msichana. Yenye Y ikiungana nalo, huwa mvulana. Mbegu za aina hizi mbili hukaribia kuwa sawa kwa idadi. Duniani huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100.

Sasa twaweza kujibu. Majirani wote wawili wamekosea. Mtoto wa tano hajui habari za dada zake. Uwezekano wa kuwa mvulana ni karibu nusu, kama ulivyokuwa kwa mtoto wa kwanza. Tena, si haki kumlaumu mama, kwa maana yai lake halichagui. Baba naye hawezi kuchagua mbegu itakayotangulia.

Zoezi

1. Andika njia zote za familia ya watoto watatu. Je, umepata 1, 3, 3, 1?
2. Andika mstari huo juu ya mstari wa 1, 4, 6, 4, 1. Eleza jinsi mstari wa chini unavyopatikana kutokana na ule wa juu. Kisha andika mstari wa watoto watano.
3. Mtu amekosa bahati nasibu mara kumi. Asema, "Sasa ni zamu yangu." Utamshauri nini?
4. Mtu ataka kumwacha mke wake kwa kuwa amezaa wasichana watupu. Mweleze kosa lake kwa sentensi tatu.