Somo: Kutengeneza Mboji Nyumbani kwa Bustani ya Mboga

Baada ya mavuno ya masika, nyua nyingi za vijiji vya Handeni na Korogwe hujaa mabua ya mahindi, maganda ya maharage na majani makavu. Aghalabu vitu hivyo huchomwa moto. Wiki chache baadaye, kaya hiyo hiyo hutoa fedha kununua mbolea ya bustani, au hununua mchicha na nyanya ambazo ingeweza kuzivuna nyuma ya nyumba. Bei za mbolea za viwandani zilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, Serikali ilianzisha ruzuku kwa wakulima katika msimu wa 2022/2023. Ruzuku ni msaada mkubwa shambani. Kwa bustani ndogo, hata hivyo, kaya inaweza kujitengenezea sehemu kubwa ya rutuba inayohitaji.

Katika somo hili tunaeleza namna ya kutengeneza mboji, namna ya kutambua iliyoiva, na mambo ya kuchunguza iwapo utalazimika kuinunua.

Mboji ni nini

Mboji ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyoozeshwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huhitaji chakula, maji na hewa. Chakula chao ni cha aina mbili: vitu vikavu, kama mabua na majani yaliyokauka, vyenye kaboni nyingi, na vitu vibichi, kama magugu mabichi, maganda ya matunda na samadi, vyenye naitrojeni nyingi. Mchanganyiko mzuri una takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua matupu huchelewa mno kuoza. Majani mabichi matupu hunuka. Mtaalamu wa kilimo Albert Howard aliupanga utaratibu wa kuyalaza mabaki kwa tabaka alipokuwa Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, na msingi wake ungali unatumika.

Wakati na mahali

Ili mboji iwe tayari kwa mvua za vuli zinazoanza Oktoba, anza mwezi Julai, mabua yakiwa bado yapo. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima. Wakati wa kiangazi tunashauri shimo la kina kisichozidi sentimita 60, kwa kuwa hutunza unyevu mahali ambapo maji ni ya kuhesabu. Wakati wa mvua tumia lundo juu ya ardhi, kwa sababu shimo hujaa maji.

Hatua za kufuata

1. Pima eneo la upana wa mita 1 na urefu wa mita 1.5. Tandaza chini vijiti na mabua magumu ili hewa ipite.
2. Katakata mabaki vipande vifupi. Weka tabaka la vitu vikavu la sentimita 15 hadi 20, kisha nyunyiza maji.
3. Juu yake weka vitu vibichi, sentimita 10. Majani ya alizeti pori na lusina yanafaa sana.
4. Ongeza samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, sentimita 5, na udongo kidogo wa juu. Jivu liwe la kunyunyiza tu. Likizidi hupoteza naitrojeni.
5. Rudia tabaka hizo hadi kimo cha mita 1 au zaidi kidogo. Funika kwa majani ya migomba au nyasi.
6. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku 4 au 5 ichomoe uiguse: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vema. Joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi.
7. Geuza lundo baada ya wiki 3, ukiyaingiza ndani yaliyokuwa nje, na urudie baada ya wiki 3 nyingine. Vaa viatu vilivyofunika mguu, kwani nyoka na nge hupenda kujificha humo.

Kupima maji, kamata konzi moja na uikamue. Matone machache yakitokea, unyevu unatosha. Maji yakitiririka, ongeza vitu vikavu. Konzi ikisambaratika, mwagilia. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Yenye sabuni nyingi hayafai.

Visivyofaa kuwekwa

Usiweke nyama, samaki wala mafuta, kwa kuwa huvuta panya na mbwa. Usiweke plastiki, betri, vioo, kinyesi cha binadamu, mbwa au paka, mimea iliyougua, wala majani yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu. Dawa nyingine hudumu ndani ya mboji na kuangamiza miche ya nyanya.

Dalili za kasoro

Fimbo ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na yenye maji tele, geuza na ongeza vitu vikavu. Harufu kali kama ya mkojo huonyesha samadi imezidi. Mchwa wakiingia, lundo limekauka mno.

Kutambua mboji iliyoiva

Baada ya miezi 3 hivi, mboji huwa nyeusi, yenye kumumunyika, isiyo na joto, na hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Ukiwa na shaka, panda mbegu za mchicha katika kopo la mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu. Miche ikinyauka au kuwa ya njano, subiri. Mboji mbichi huunguza mizizi. Na samadi isiyoiva inaweza kupeleka vijidudu vya kuhara kwenye mboga zinazoliwa mbichi, nao watoto ndio huumia zaidi.

Tumia nusu ndoo ya lita 20 kwa kila mita 1 ya mraba, ukiichanganya na udongo wa juu kabla ya kupanda.

Ukinunua

Omba kufungua mfuko. Kataa mboji yenye joto, harufu ya uvundo, vipande vya plastiki au mchanga mwingi. Uliza imetengenezwa kwa vitu gani. Kwa mbolea ya dukani, nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), kagua lebo na tarehe, na dai risiti. Pasipo risiti, madai yako huwa magumu kuthibitishwa.

Jipime

1. Kwa nini mabua peke yake huchelewa kuoza?
2. Fimbo ikitoka baridi na kavu, utafanya nini?
3. Ni vitu gani vitatu nyumbani kwako ambavyo hadi leo ulikuwa ukivichoma, na ambavyo kuanzia sasa utaviweka kwenye lundo?