Utumbo Kujisokota: Usingoje Asubuhi

Katika toleo hili tunajifunza juu ya utumbo mwembamba kujisokota. Huu si ugonjwa wa kila siku kama malaria au kuhara, lakini ukimpata mtu unaweza kumuua kwa muda mfupi sana.

Utumbo umeshikwaje tumboni?

Kabla sijaja hapa Nakivale nilikuwa nabeba mizigo ya wateja katika soko la Nakasero, Kampala. Ukijaza nyanya kwenye kavera na kuishika kwa vidole viwili, inazunguka yenyewe mpaka shingo yake inajinyonga. Kapu pana lenye mikono miwili halizunguki hivyo. Shika mfano huo.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Umeshikwa kwa nyuma na utando, na ndani ya utando huo hupita mishipa ya damu. Shina la utando limeshikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo kwa urefu wa kama sentimita 15, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Hilo ni kapu. Shina likiwa fupi, utumbo unaning'inia kama kavera. Ukizunguka, mishipa inabanwa, damu haifiki, na utumbo unaanza kufa ndani ya saa chache.

Ni nani yuko hatarini?

Zaidi ni mtoto mchanga. Mimba ikiwa na wiki kama 6, utumbo hutoka kidogo na kuingia kwenye kamba ya kitovu. Karibu na wiki ya 10 hurudi ndani huku ukizunguka, mpaka kila sehemu ikae mahali pake. Kwa watoto wachache mzunguko huo haukamiliki, na shina hubaki fupi. Si laana, wala si kosa la mama. Mtoto huzaliwa mzuri, ananyonya, halafu anaanza kutapika rangi ya kijani. Wengi huonekana katika mwezi wa kwanza, ingawa hata mtu mzima anaweza kupatwa.

Yuko pia aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata kwa kujifungua. Kovu la ndani linaweza kuwa kama kamba, utumbo ukaizunguka. Wengine huzaliwa na kamba ya namna hiyo kati ya utumbo na kitovu. Minyoo mikubwa ikijikusanya nayo huleta shida hii, kwa hiyo watoto wapewe dawa ya minyoo.

Hapa Uganda, kwa watu wazima, kinachojulikana zaidi ni utumbo mpana kujisokota. Mwaka 1968 daktari J. J. Shepherd wa Kampala alichapisha habari za wagonjwa 425. Umbo la hatari ni lile lile: utumbo mrefu juu ya shina jembamba.

Kosa langu

Usiku mmoja mama aliniletea mtoto wa wiki mbili. Niligusa tumbo, nikaona ni laini, nikasema ni gesi, tungoje asubuhi. Bibi wa mtoto alikataa. Alinionyesha kitambaa chenye matapishi ya kijani, akaondoka naye. Mtoto alipasuliwa usiku huo huo, akapona, ila sehemu ya utumbo ilikatwa. Sikujua kwamba mwanzoni tumbo linaweza kuwa laini kabisa.

Ufanye nini?

Mtoto mchanga akitapika kijani, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mtu mzima mwenye maumivu makali ya ghafla, anayetapika, tumbo likivimba na choo wala hewa havitoki, naye aende. Usimpe dawa ya kuharisha, usimpige bomba la mitishamba, usimkande tumbo. Tiba ni upasuaji, kwa kawaida hospitali ya rufaa Mbarara. Daktari huzungusha utumbo urudi, na kwa mtoto hulipanua shina, njia aliyoieleza William Ladd wa Boston mwaka 1936. Damu ikihitajika, haiuzwi. Makao makuu ya huduma ya damu ya taifa yako Nakasero, na Mbarara ina benki yake.

Mwambie muuguzi saa ugonjwa ulipoanza, rangi ya matapishi, na kama mgonjwa amewahi kupasuliwa. Kitambaa usikifue, kibebe.